Mwaka Nilipomchunga Kogo

Mama Cherop alinipigia simu saa nne asubuhi, saa ambayo mtu anayenijua hathubutu kunipigia, kwa sababu ndipo wanafunzi wa chuo wanamwagika kutoka darasani na kijumba changu cha chai hapa Kesses kinajaa hadi mlangoni. Nilijibu kwa ukali kabla sijaangalia jina. Akasema, "Nafula, Kogo ametuacha." Nilizima jiko chapati ikiwa nusu mbichi, nikaketi juu ya kreti ya soda nyuma ya kaunta, mimi ambaye huwa siketi, na kijana mmoja akauliza kama hoteli imefungwa. Nikamwambia ajimiminie chai mwenyewe. Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin, na huyu hakuwa nyanya yangu, maana mimi ni Mbukusu. Alikuwa nyanya wa mtoto niliyemlea mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, katika nyumba kubwa ya Elgon View. Sehemu kubwa ya mwaka huo kazi yangu halisi, ile niliyopewa jikoni kwa kunong'onezwa, ilikuwa kumchunga mwanamke huyo mzee asimkande mjukuu wake. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, nimebeba mawe na nimeuza mitumba, lakini sijawahi kufanya nyingine iliyoninyima usingizi namna ile.

Mazishi yalikuwa Burnt Forest, kwenye shamba lake la viazi. Nilifika mapema nikajiingiza jikoni bila kualikwa, maana siwezi kukaa chini ya hema huku watu wakisoma risala ndefu na upepo ukinipiga miguuni. Nilimenya viazi na vitunguu na wanawake nisiowajua mpaka mmoja wao akaniambia nipumzike, nami nikajifanya sijasikia. Cherop, yule mtoto niliyemlea, alikuwa ameketi mstari wa mbele. Sasa ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, mwenye vipele vyekundu puani na mashavuni ambavyo asiyejua huviita chunusi. Maneno yake bado ni machache. Nilipomwendea kumsalimia alikishika tu kidole changu gumba na kukivuta kwake, akakishikilia mpaka sala ya mwisho, na kidole chenyewe kinanuka vitunguu. Nyuma yetu mama mmoja wa kanisa alimwuliza mwenzake huyo msichana ana nini, na mwenzake akasema alizaliwa hivyo, lakini yule mzee alikuwa anampenda, alikuwa anampenda sana. Nilitaka kugeuka niwaambie kitu. Sikugeuka, kwa sababu kidole changu kilikuwa na kazi.

Niliingia Elgon View wakati wa mvua kubwa. Nilipewa chumba cha nyuma, kile wanachokiita SQ, chenye kitanda, ndoo na dirisha linalotazama mlango wa jikoni. Mtaa wote ulikuwa kimya, miti mikubwa, mageti mazito, kila mtu na gari lake, na ukimya ule ulinitia wasiwasi kuliko kelele yoyote ya sokoni. Mama Cherop alikuwa mwalimu wa chuo huku huku Kesses, akitoka asubuhi na kikombe mkononi na kiatu kimoja bado hakijafungwa. Baba Cherop alikuwa na malori ya mahindi, na tulimwona wikendi, matope ya Kitale yakiwa bado kwenye magurudumu. Kwa hiyo kuanzia asubuhi mpaka jioni tulikuwa wawili, mimi na Cherop, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Alitembea vizuri, alipenda maji, alichukia milango iliyofungwa na angeupigia mlango kelele mpaka ufunguliwe. Kifafa kilikuwa kimemshika tangu akiwa mchanga, na wasichana wa kazi walionitangulia walikuwa wamekimbia mara tu walipomwona akianguka. Mimi sikukimbia, na si kwa ujasiri. Sikuwa na pa kwenda.

Jambo lililonishinda ni kumgusa. Kumchana nywele kulikuwa vita. Kumvisha sweta kulinipa mikwaruzo mpaka mwenye duka la karibu akaniuliza kama tunafuga paka. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumshika Cherop apendavyo, naye alikuja kila Ijumaa, kwa pikapu ya jirani iliyokuwa ikileta maziwa mjini. Nilimsikia kabla sijamwona. "Chamgei!" alisalimu kwa Kikalenjin tangu getini, na Cherop, ambaye hakuitika hata jina lake, akaacha kila kitu akakimbia. Kogo alishuka na gunia la viazi, mboga za managu zilizofungwa kwa kamba ya mgomba, kibuyu cha maziwa ya mgando ya mursik, na chupa ndogo ya samli ndani ya mfuko wa kanzu yake. Aliniangalia juu mpaka chini. "Wewe unaitwa nani?" Nikamwambia Nafula. "Nafula ni nini?" Nikamwambia ni msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Akacheka, meno yake ya mbele hayapo. "Na huyu Cherop ni wa mvua pia. Basi nyinyi wawili mtaninyeshea mpaka nioze."

Aliitia samli kwenye kijiko, akaipasha juu ya moto kidogo, akatandika mkeka karibu na jiko. Cherop alijilaza mwenyewe na kuinua fulana. Kogo alianza na miguu, akapanda taratibu, magoti, mapaja, akafika tumboni, na hapo alikaa. Vidole vyake vilikuwa vinene na vimepasuka kwa kazi ya shamba, lakini vilipita kwenye ngozi ya yule mtoto bila kumkwaruza. Chini ya mbavu za kushoto kulikuwa na kitu kigumu. Alinishika mkono siku ya kwanza akaniwekea pale nihisi. "Hii ni bandama," alisema. "Ni malaria ya zamani imekaa. Nitaisukuma mpaka iishe." Cherop alikuwa amefumba macho, mdomo wazi, akitoa kasauti ka raha. Hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya wiki ambayo nyumba ile ilipumua. Nilifua, nikapika, na siku moja, nakumbuka, nilikunywa chai ikiwa bado moto.

Halafu kukaja daktari mpya wa watoto, mwanamke wa sauti ndogo, na yeye badala ya kuuliza tu habari ya kifafa aliuliza habari ya ngozi. Mgongoni Cherop alikuwa na mabaka meupe tuliyodhani ni mba, tukayapaka dawa ya kila rangi bila mafanikio. Daktari alitupeleka kwenye chumba kidogo, akafunga pazia, akawasha taa ya buluu, na yale mabaka yakang'aa, marefu, yamechongoka mwishoni, mengi kuliko tulivyowahi kuona mchana. Kutoka pale tulipelekwa chumba cha picha ya tumbo. Cherop alipiga kelele kwa sababu ya ule urojo baridi wanaopaka, mimi nikamwimbia nyimbo za harusi za kwetu kwa sababu ndizo zilizonijia, na yule fundi wa mashine akaendelea kurudisha kifaa chake mahali pale pale, kushoto, chini ya mbavu. Daktari alituketisha. Alimwambia Mama Cherop kwa Kiingereza kwanza, kisha akaniangalia mimi niliyembeba mtoto akarudia kwa Kiswahili, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

"Ugonjwa wenyewe unaitwa tuberous sclerosis," alisema. "Amezaliwa nao. Hauambukizi, na si kosa la mtu. Unaleta vivimbe vidogo kwa ubongo, ndiyo maana anaanguka. Unaleta hivi vipele kwa uso na haya mabaka. Na kwa watoto wengi unaingia figo." Figo zote mbili za Cherop zilikuwa na dosari. Ya kulia ilikuwa na vivimbe vidogo vya maji. Ya kushoto ilikuwa na uvimbe mkubwa wa mafuta yaliyochanganyika na mishipa ya damu, na mishipa ile, alisema, haikuumbwa vizuri, ni dhaifu, inaweza kupasuka na damu imwagike ndani. "Tutakuwa tunaipima. Kwa sasa asianguke vibaya, asipigwe tumbo. Na kama kuna mtu anamkanda hapo, aache kabisa." Mama Cherop aliitikia kwa kichwa. Nilijua anawaza kile ninachowaza, na hatukutazamana mpaka tulipofika kwenye gari.

Leo nikiwaona hapa wasichana wa chuo wakiitafuta kila dalili kwenye simu zao huku chai inapoa, nafikiri jinsi tulivyojua mengi siku ile na jinsi yale mengi yalivyokosa pa kupita. Nyumba ile ilizungumza kila kitu. Siasa, bei ya mbolea, nani amemwacha nani kanisani. Jioni hiyo niliwaandalia ugali na nyama ya kukaanga, nikarudi jikoni, na kwa kuwa kati ya jikoni na meza kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, nilisikia kila neno. Mama Cherop alimweleza mumewe habari ya figo. Kisha akasema, "Ni wewe utamwambia. Ni mama yako."

"Nimwambie nini? Ati asimshike mtoto?"

"Umwambie daktari amesema."

"Wewe, skiza. Cherop akianguka mara ya kwanza, nani alibaki kwa hiyo nyumba? Watu wangu wote walitoka nje. Hata mimi nilitoka. Mama peke yake ndiye alimshika mpaka akaamka. Sasa niende nimwambie hiyo mikono yake inaumiza mtoto?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Wewe ukimwambia, atasikia ni mke wa kijana yake anamfukuza kwa mjukuu. Unajua vile watu watasema."

Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. Baadaye Mama Cherop alikuja jikoni, akasimama karibu na sinki, akawa anaosha kikombe kilichokuwa kisafi tayari. "Nafula, Kogo akikuja, usimwache na mtoto peke yake. Asimkande. Lakini usimwambie kitu, umeskia?" Nikamwuliza, na akiuliza? "Tafuta tu njia," akasema. "Wewe ni mjanja." Alikuwa mwema kwangu yule mama, alinilipia hata masomo ya jioni baadaye, lakini neno lile la ujanja lilinikaa vibaya. Nilitamani aniambie ni kazi ngumu tu, basi.

Nikatafuta njia. Ijumaa ya kwanza nilimwambia Kogo mtoto ametoka kula sasa hivi, tumbo limejaa. Akasema atasubiri. Akasubiri, akanisimulia habari ya ng'ombe wake mwenye kiburi, na alipoinuka kuchukua kijiko nikamwambia ni saa ya kuoga. Nikamwogesha Cherop mpaka vidole vyake vikakunjamana. Ijumaa iliyofuata nilikuwa nimemaliza gesi kwa makusudi, eti hakuna moto wa kupashia samli. Kogo akaichukua chupa akaiweka kwapani, akaketi nayo hivyo mpaka samli ikalainika, akiniangalia kwa jicho moja. Nikasema tutembee bustanini, jua zuri. Nikasema Cherop ana homa. Nikasema ana upele unaoambukiza. Nilikuwa naingia na kutoka kila dakika, nafagia palipofagiwa, napanga sufuria zilizopangwa, na kila nilipogeuka mkono wa Kogo ulikuwa umeshaingia chini ya sweta, kwa sababu hakuwa anafikiri, mkono ulikuwa unajiendea wenyewe huku yeye akizungumzia bei ya viazi. Nilikonda. Jirani alinidhihaki kwamba Elgon View watu hunenepa, sasa mimi nimekuwaje.

Na Cherop naye hakunisaidia. Alijilaza kwenye mkeka akainua fulana, akangoja. Mimi nikimwinua alinipiga kichwa kidevuni. Alimvuta Kogo mkono, akauweka mwenyewe tumboni, na mimi nikauondoa nikijifanya nataka kumfunga kifungo. Siku nyingine nilijiuliza kama yule daktari angeiona sura ya mtoto pale mkekani angesema yale maneno kwa urahisi vile. Lakini nilikuwa nimeiona ile picha pia, nilikuwa nimesikia mishipa inaweza kupasuka, na kila nilipomwona Kogo akibonyeza nilihisi ni mimi ninayebonyezwa. Nilimpenda yule mzee. Nilimwogopa kama moto.

Ilifika Ijumaa moja nikamvuta mtoto kutoka mapajani mwa Kogo kwa nguvu. Nilikuwa nimetoka kuanika nguo, nikawakuta, dole gumba lake limezama chini ya mbavu za kushoto, na kabla sijawaza nilikuwa nimeshamnyakua Cherop na kumsimamisha nyuma yangu. Kogo hakupiga kelele. Alibaki na mikono yake imepanuka hewani, samli ikimetameta. Kisha akainuka, akaenda kwenye bomba la uani, akaosha mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka kwenye viwiko, akarudi akaniwekea viganja mbele ya uso.

"Angalia," alisema. "Angalia vizuri. Umeona nini kwa hii mikono?"

"Sijaona kitu, Kogo."

"Mara mtoto anaoga. Mara gesi imeisha. Ulifikiri mimi ni mjinga? Hawa watu wamekwambia uniangalie. Mtoto ni mgonjwa, na wanatafuta ni nani amemfanya hivyo, na wameona ni mimi."

Hapo ndipo nilielewa tulichokuwa tumefanya. Katika nyumba yenye mtoto anayeugua, huwezi kumzuia nyanya asimguse bila kusema sababu, kwa kuwa sababu moja iko tayari, kila mtu anaijua, haihitaji kutamkwa. Sisi tulikuwa tumeogopa kumwambia kwamba ni figo, naye kwa miezi alikuwa amesikia tukimwita mchawi. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimekatazwa, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina pa kwenda. Nikasema tu, "Si hivyo, Kogo, haki ya Mungu si hivyo," na yeye akauliza, "Basi ni vipi?" Alikifunga kitambaa chake kichwani. Kile kibuyu cha mursik alichokuja nacho alikichukua, akasema maziwa yake wataogopa kuyanywa, akatoka akaisubiri pikapu nje ya geti, kwenye manyunyu. Cherop aliupiga mlango mpaka mikono ikavimba.

Hakurudi Ijumaa iliyofuata wala nyingine baada ya hapo. Nilimweleza Mama Cherop kila kitu jioni ile ile, na nikamwambia wazi kwamba kama si yeye basi mimi nitaenda Burnt Forest kumwambia. Akalia. Akasema Baba Cherop ataenda. Baba Cherop akaenda, kweli, akakaa na mama yake siku nzima, akarekebisha paa la zizi, akazungumza habari ya mbegu, akarudi. "Nimemsalimia," alisema, "ako sawa." Mama Cherop akamwuliza kama alimwambia. "Nilikuwa nataka," akasema. Nilikuwa naosha vyombo, nikakipiga kikombe kwenye sinki kikavunjika kishikio, na hakuna aliyeniuliza. Wakati huo Cherop alikuwa ameacha kula. Alikubali chai tu na ugali kidogo kutoka mkononi mwangu, tena nikiwa nimesimama. Mchana kutwa alitembea kutoka mkekani hadi getini, kutoka getini hadi mkekani, na mimi nyuma yake, kwa sababu nilihofia aanguke. Kifafa kiliongezeka. Ilikuwa kama mtu ameondoa ukuta mmoja wa nyumba na sote tunajifanya hatuhisi baridi.

Damu ilikuja asubuhi, likizo ya Agosti. Nilimpeleka Cherop chooni nikaona mkojo umekuwa mwekundu. Dakika hiyo hiyo alijikunja, akashika upande wa kushoto, midomo yake ikawa ya kijivu. Hakuwa ameanguka. Hakuwa amepigwa. Hakuna mkono wa mtu uliokuwa umemgusa tumboni kwa wiki nyingi, nami ndiye shahidi, kwa kuwa sikumwacha hata kidogo. Uvimbe ulikuwa umepasuka wenyewe. Mama Cherop aliendesha gari kama mwendawazimu, huku mimi nyuma nikimshikilia mtoto, nikihisi tumbo lake linavyokaza. Hospitalini walisema anahitaji damu, kisha upasuaji, na damu haitoshi. Nilikuwa wa kwanza kukunja mkono nitolewe damu. Muuguzi mmoja aliyesikia jina langu alisema, "Sasa huyu mtoto wa Kikalenjin akiamka ataitisha kuku," maana sisi Wabukusu tunataniwa kwa kupenda kuku, na nilicheka mpaka nikaanza kulia, akanipa soda.

Kufikia mchana ukoo ulikuwa umejaa kwenye korido. Shangazi wa Cherop, dada yake Baba Cherop, alikuja kutoka Burnt Forest na shali nzuri na sauti kubwa. Alikaa kwenye benchi, akasema bila kumwelekea mtu yeyote, "Mama aliondoka kwa hiyo nyumba na uchungu kwa roho. Mzee akikasirika, lazima kitu kitokee. Hiyo ndiyo imepasua mtoto." Wengine wakaguna, wakatazama sakafu. Nilihisi damu iliyobaki ndani yangu ikipanda yote kichwani. Akimgusa ni mchawi, asipomgusa amelaani! Nikasimama. "Si Kogo," nilisema. "Ni figo. Daktari alisema tangu mvua." Shangazi akaniangalia. "Wewe mfanyakazi, nani amekuuliza?" Na hapo niliona watu wanaangalia nyuma yangu. Kogo alikuwa amesimama mwanzoni mwa korido, na kanzu yake ya kanisani, mikono yote miwili ameificha ndani ya blanketi alilojitanda mabegani. Alikuwa amesikia. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

Mama Cherop ndiye aliyeenda. Nilimwona akivuka ile korido, mwalimu wa chuo, nywele hazijachanwa, kandambili za nyumbani miguuni, akasimama mbele ya mama mkwe wake karibu kuliko inavyoruhusiwa. "Mama, ni mimi nilimwambia Nafula akuchunge," alisema, na hakushusha sauti. "Daktari alisema figo ya mtoto ina uvimbe, ile kitu ulikuwa unafikiri ni bandama, na ukiikanda inaweza kutoa damu. Tuliogopa kukwambia. Tuliogopa utasikia vibaya. Na sasa imetoa damu na wewe hukuwepo. Si mikono yako, si hasira yako. Amezaliwa nayo." Baba Cherop aliinamisha uso. Kogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mwanawe, si mkewe. "Ulirekebisha paa yangu," alisema. "Ulikaa kwangu siku nzima." Akapita katikati yetu sote, akaketi kwenye benchi upande ambao shangazi hakuwepo, akakaa hapo mpaka giza.

Waliitoa ile figo ya kushoto. Hadi leo Cherop anaishi na ya kulia, na kila mwaka anapigwa picha, anapimwa presha, anameza vidonge ambavyo wakati ule hatukuwa tumevisikia. Lakini asubuhi ile baada ya upasuaji hatukujua kama kutakuwa na mwaka mwingine. Tuliruhusiwa kuingia wachache. Cherop alikuwa amelala chali, mrija puani, mrija mkononi, shuka limevutwa mpaka kidevuni, na kwa jinsi alivyokuwa anarusha kichwa huku na huku ilionekana hata dawa za usingizi hazikumtuliza. Daktari aliyempasua, kijana mrefu aliyechoka, alitueleza yote kwa utaratibu. Kogo alikuwa mwisho wa kitanda, mikono bado ndani ya blanketi. Aliitikia kila neno kwa kichwa. Yule kijana alipomaliza na kutaka kwenda, akamzuia.

"Daktari, nimesikia," alisema. "Mahali nimekatazwa nimejua. Sasa niambie mahali naruhusiwa."

"Kuruhusiwa nini, Mama?"

"Kushika."

Daktari alimtazama Mama Cherop, Mama Cherop akageukia ukutani. Nilidhani atasema asubiri, mtoto anahitaji kupumzika, yale maneno yao. Badala yake alirudi, akainama, akalifunua shuka kutoka chini mpaka kwenye vifundo. "Hapa," alisema. "Na mikono, na kichwa. Akipona, mgongo pia, pole pole."

Kogo akaitoa mikono nje ya blanketi. Ilikuwa mikavu, haikuwa na samli. Akaisugua pamoja mpaka ikapata joto, akaushika mguu mmoja, akaanza na kisigino. Kichwa cha Cherop kikaacha kurukaruka juu ya mto. Hakufungua macho. Baada ya muda alimsogezea na ule mguu mwingine.